Mkutubi wa Chuo Naye ni Mkufunzi

Liko jambo moja ambalo tumelitazama kwa muda mrefu pasipo kulisemea, kwa kuwa lilionekana kuwa ni la watu wa vyuo vikuu peke yao. Jambo lenyewe ni viwango vinavyomwongoza mkutubi wa chuo anapowafundisha watu namna ya kutafuta habari, kuzipima na kuzitumia kwa haki. Msomaji wetu aliyeko lindoni Mbuya, au aliyesimama kwenye kaunta ya kituo cha polisi cha Wandegeya, huenda akauliza: hayo yananihusu nini mimi? Sisi twasema yanamhusu, tena pengine kuliko yanavyomhusu mwanafunzi wa kawaida, na twaomba atuvumilie tueleze.

Mnamo tarehe 20 Septemba mwaka 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umezuka wilayani Mubende. Kabla ya tangazo hilo watu walikuwa wakifa huko Madudu, na wako waliosema kwamba huo ni uchawi. Tarehe 15 Oktoba ikatolewa amri ya kuzifunga Mubende na Kassanda, na waliotumwa kusimama barabarani usiku na mchana kuyazuia magari walikuwa ni wenzetu wenye sare. Basi na tuifikirie hali ya askari yule. Mbele yake amesimama mwananchi mwenye simu, na ndani ya simu mna habari isemayo kwamba chanjo ya Ebola ipo. Habari hiyo haikuwa ya uongo. Chanjo ilikwisha kuidhinishwa tangu mwaka 2019. Lakini ilikuwa ni chanjo ya Ebola ya aina ya Zaire, na Ebola iliyokuwa Mubende ilikuwa ya aina ya Sudan, ambayo haikuwa na chanjo hata moja iliyoidhinishwa. Watu wawili waweza kubishana kutwa nzima kwenye kizuizi cha barabara, kila mmoja ameshika jambo la kweli, na wote wawili wakawa wamepotea. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua, na 55 kati yao walikuwa wamekufa.

Tumeuchagua mfano huu kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wakisikia habari ya kupima habari hudhani ya kuwa kazi yote ni kumkamata mwongo. Kumkamata mwongo ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kujua kwamba habari ya kweli imeletwa mahali pasipo pake, au imechelewa, au imekatwa kichwa na miguu. Ujuzi huo haupatikani kwa kuzaliwa na akili nyingi, bali hufundishwa, na katika chuo chochote mtu ambaye kazi yake ni kuufundisha ni mkutubi.

Sasa mkutubi wetu ni nani? Katika vyuo vingi anajulikana kuwa ni mtu wa funguo. Hufungua mlango asubuhi, hupiga mihuri, hudai vitabu vilivyochelewa, na jioni hufunga. Hatusemi hivyo kwa kumdharau. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa hapa Makerere mwaka 1963, kabla nchi nyingi za jirani hazijawa na shule ya namna hiyo, na ilitoa wakutubi waliokwenda kutumika Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko. Walifundishwa kupanga, kuorodhesha na kutunza, nao walifanya kazi hiyo vizuri. Katika miaka ya 1970 na ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika na majarida ya nchi za nje yakaacha kufika, mkutubi aliyeweza kukilinda kitabu kimoja kisipotee alikuwa amelitumikia taifa. Uchache ndio uliokuwa adui, na dhidi ya uchache silaha ni ulinzi.

Leo adui amegeuza upande. Kuruti anaingia chuoni na simu mfukoni, na simu hiyo ina maandishi mengi kuliko maktaba yoyote tuliyopata kuiona, mazuri kwa mabaya, yote yamevaa sare moja. Kumlinda mtu huyu kwa kufunga mlango wa maktaba ni sawa na kulinda lango huku ukuta umekwisha kuanguka.

Jina la ujuzi huu ni la zamani kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1974 Mmarekani mmoja, Paul Zurkowski, aliandika taarifa kwa tume ya taifa lao ya maktaba akasema kwamba watu wahitaji kisomo cha habari, kama vile wanavyohitaji kisomo cha kusoma na kuandika. Mwaka 2000 chama cha maktaba za vyuo cha huko Marekani kikatoa viwango vitano: mtu ajue ni habari gani anayoihitaji, aweze kuipata, aipime, aitumie kwa kusudi lake, na azielewe sheria na heshima zinazohusu habari za wengine. Chini ya viwango hivyo viliwekwa vipimo 22, na mwalimu aliweza kupita na kalamu akiweka alama: huyu ameweza, huyu hajaweza. Viwango hivyo vilisomwa na kuigwa katika nchi nyingi, kwa kuwa vilikuwa vyepesi kushikika.

Halafu wenyewe wakavifuta. Mwaka 2015 walileta mwongozo mwingine, wakaupitisha rasmi Januari 2016, na kufika Juni mwaka huo vile viwango vya 2000 vikaondolewa kabisa. Mwongozo mpya hauna orodha ya kuwekea alama. Una mawazo sita makubwa, na la kwanza kati yake lasema kwamba mamlaka ya msemaji hutegemea mahali na jambo linalosemwa. Jenerali ni mamlaka katika vita lakini si mamlaka katika ugonjwa wa ng'ombe. Mchungaji wa Karamoja aweza kuwa mamlaka katika ugonjwa wa ng'ombe pasipo kuwa na cheti hata kimoja. Wazo hilo twalipenda. Lakini wakutubi wengi walilalamika kwamba mwongozo huu ni mgumu kupimwa, na malalamiko yao yana haki. Mtihani wa wazo utautungaje?

Na kwa upande wa mwalimu mwenyewe mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 2007 chama hicho kilitoa orodha ndefu ya ustadi anaopaswa kuwa nao mkutubi anayefundisha, imegawanywa katika mafungu 12. Miaka kumi baadaye, mwaka 2017, orodha ikawekwa kando, na mahali pake ikaja hati inayotaja nyadhifa saba za mkutubi huyo: mtetezi, mratibu, mtungaji wa mafunzo, kiongozi, mwalimu, mshirika wa walimu wengine, na mtu asiyeacha kujifunza maishani mwake. Ukizisoma kwa haraka zaonekana kama maneno matamu ya mkutano. Ukizisoma polepole utaona ya kuwa hakuna hata moja inayotaja funguo.

Hatuwasifu Wamarekani, wala hatusemi kila wanaloliandika tulinakili. Tumewataja kwa sababu walithubutu kufanya jambo ambalo sisi twalionea haya, yaani kukubali kwamba kiwango chaweza kuzeeka hata kama kilikuwa kizuri siku kilipoandikwa. Mwongozo wa kazi ya mkutubi unaposema hadi leo kwamba atawafundisha wanafunzi kutumia droo za kadi, na droo zenyewe zimegeuka kuwa mahali pa kuwekea chaki, basi hapo hakuna kiwango.

Kwa maoni yetu, vyuo vya askari visichague kati ya orodha na mawazo. Kuruti aliyeko Kabalye apewe orodha, kwa kuwa ndivyo anavyojifunza mambo yote mengine: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mkono uzoee. Afisa aliyeko Kimaka au Bwebajja, ambaye kesho ataamua mambo ya watu wengi, apewe maswali yasiyo na alama ya ndiyo au siyo. Kumfundisha afisa kwa orodha tupu ni kumdhulumu, na kumfundisha kuruti kwa mawazo matupu ni kupoteza saa za serikali.

Wala tusidhani kwamba tunaleta jambo geni kambini. Watu wa upelelezi wanao mtindo wa kupima habari uliotoka katika Jeshi la Majini la Uingereza, na ambao majeshi na polisi wa nchi nyingi huutumia kwa namna moja au nyingine. Mletaji wa habari hupewa herufi, kuanzia A mpaka F. Habari yenyewe hupewa nambari, kuanzia 1 mpaka 6. A ni mtu anayeaminika kabisa. F ni mtu ambaye haiwezekani kumpima. Nambari 1 ni habari iliyothibitishwa na wengine. 6 ni habari ambayo ukweli wake haupimiki. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba vitu viwili vimetengwa. Mtu mwaminifu aweza kuleta habari mbovu, kwa kuwa naye alidanganywa, na mlevi wa kilabuni aweza kuleta habari ya kweli tupu. Anayeandika A5 au E1 amekwisha kufanya kazi ambayo wanafunzi wengi wa chuo kikuu hawaijui. Lililobaki ni mkutubi kukutana na mkufunzi wa upelelezi, wakakaa meza moja, wakaona kwamba wanafundisha somo moja kwa majina mawili. Hiyo ndiyo maana ya wadhifa ule wa mshirika wa walimu. Tungependa kujua ni katika vyuo vingapi wawili hao wamepata hata kunywa chai pamoja.

Polisi nao wanayo yao. Konstebo hufundishwa kwamba kielelezo kikichukuliwa mahali pa tukio, kila mkono uliokigusa lazima uandikwe, la sivyo wakili atakitupa nje mahakamani. Habari ni kielelezo. Ujumbe uliopita katika simu arobaini kabla ya kufika Kibuli umeguswa na mikono arobaini, na hakuna aliyeandika. Mwalimu akianza hapo, konstebo ataelewa katika dakika tano jambo ambalo kwa maneno ya kitabuni lingechukua mwezi.

Twajua ya kwamba hapa atasimama afande mmoja na kutuuliza swali, na swali lake ni zito kuliko yote. Atasema: ninyi mwataka kumfundisha askari kuuliza kila jambo limetoka wapi, je, nikimpa amri, naye ataniuliza imetoka wapi? Jeshi litakuwa jeshi gani?

Hatupendi kulikwepa swali hili kwa maneno laini. Ni kweli kwamba utii ni uti wa mgongo wa jeshi, na ni kweli kwamba mazoea ya kuhoji hayana uzio. Mtu akijifunza kuuliza maktabani hataacha ulimi wake maktabani. Lakini amri na habari ni vitu viwili. Amri yasema fanya. Habari yasema mambo yako hivi. Kamanda huamuru kwa kutegemea habari aliyoletewa kutoka chini, na aliyeileta ni yule yule askari tunayeogopa kumfundisha. Askari wa doria anayeripoti kwamba adui ni mia mbili, kumbe amesikia kwa mwenye bodaboda aliyesikia sokoni, hakuonyesha utii kwa kutokuuliza. Amemfunga kamanda wake kitambaa machoni. Twakiri kwamba uko mpaka mwembamba, na yatatokea makosa, na mahali pengine kuruti mwenye mdomo atajifanya mwanachuoni mbele ya sajini wake. Sajini tunaowafahamu sisi hawatashindwa na hilo.

Kuna sababu nyingine inayofanya jambo hili lisingoje. Tangu mwisho wa mwaka 2022 mitambo ya kuandika kwa kompyuta, ambayo humjibu mtu swali lolote kwa lugha safi, imefika mikononi mwa kila mwenye simu. Mitambo hiyo husaidia, hatukatai. Lakini huweza pia kutunga kitabu kisichokuwapo, ikakipa mwandishi, mwaka na ukurasa. Mwezi wa Juni mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwa waliwasilisha hukumu za kesi ambazo hazikupata kuwako. Mtambo ulikuwa umezitunga, nao hawakwenda kuzitafuta. Hao walikuwa ni watu wa sheria, katika mji wenye maktaba kubwa za sheria. Mpelelezi wetu anayeandaa jalada usiku, taa inazimika na kuwaka, na asubuhi mshtakiwa anapelekwa mahakamani, ataponaje asipofundishwa kwamba rejeo hutafutwa likashikwa kwa mkono kabla ya kuandikwa? Viwango vya mwaka 2000 havikulijua jambo hili. Vile vya 2017 navyo havikuliona. Ndiyo sababu tunasema kuvisahihisha viwango si kazi ya mara moja kwa kizazi.

Tuseme na habari ya lugha, ingawa wengine hawataipenda. Kiswahili ndiyo lugha ya kambi zetu tangu enzi za K.A.R., na tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 ndiyo lugha rasmi ya pili ya Uganda. Gwaride huamriwa kwa Kiswahili, na vichekesho vya usiku lindoni ni vya Kiswahili. Lakini askari akiingia maktabani hukuta vitabu karibu vyote ni vya Kiingereza, na mkutubi naye humfundisha kwa Kiingereza, somo ambalo kwa asili yake ni la kupima maneno. Mtu hapimi vizuri maneno ya lugha ambayo angali anaitafuta. Ataitikia, ataandika aliyoambiwa, atapewa cheti. Basi viwango vitakavyoandikwa kwa ajili ya vyuo vya askari viruhusu, tena viagize, somo hili lifundishwe kwa Kiswahili, na maneno yake yatungwe na watu wa Makerere pamoja na wakufunzi wa kambini, yasitungwe ofisini peke yake. Twajua kuna walimu watakaosema maneno hayatoshi. Herufi A mpaka F na nambari 1 mpaka 6 zinatosha kuanzia.

Ni nani basi aandike? Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa Sheria ya mwaka 2001, likikagua chuo hutazama pamoja na mengine hali ya maktaba. Uko Ushirika wa Maktaba za Vyuo Vikuu vya Uganda, kiko chama cha wakutubi, na iko Maktaba ya Taifa iliyowekwa kwa Sheria ya mwaka 2003. Mikono ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaita mezani pamoja na wakuu wa mafunzo wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa wale wa kwanza hudhani vyuo vya askari si vyao, na hawa wa pili hudhani maktaba ni fenicha. Waziri wa Elimu aweza kuwaita. Mkuu wa chuo kimoja tu mwenye moyo aweza kuanza pasipo kuitwa.

Na wakikutana, tungewaomba wasianze na vitabu vingapi vinunuliwe, kwa maana wataishia hapo. Waanze na saa. Mkutubi mmoja wa chuo ambacho hatutakitaja alitueleza kwamba katika kozi ya miezi mingi hupewa saa moja, siku ya kwanza, baina ya kugawiwa viatu na kunyolewa nywele. Makuruti humjia wamechoka na safari, wengine wamelala kwenye benchi. Huwaonyesha rafu, huwasomea kanuni za kuazima, huwaambia wasile ndani, na saa imekwisha. Hawaoni tena mpaka wiki ya mwisho, wanapokuja mbio kutafuta mahali pa kunakili insha.

Tulimwuliza: ukipewa saa sita, zikagawanywa katika kozi nzima, ungefanya nini? Hakufikiri sana. Alisema angewapa watu ujumbe tatu zilizozagaa mjini, moja ya kweli, moja ya uongo, na moja ya kweli iliyoletwa mahali pasipo pake, na kila mmoja aandike herufi na nambari kando ya kila ujumbe, halafu aeleze sababu mbele ya wenzake, wakimkosoa. Wiki nyingine angewapa jalada lenye rejeo kumi, mbili za kutungwa, wazitafute. Saa ya tatu ingekuwa ya magazeti ya zamani ya Uganda, ya miaka tofauti na ya serikali tofauti, yanayoeleza siku moja, ili waone namna habari inavyokatwa. Alikuwa na magazeti hayo katika sanduku chini ya meza yake, ameyakusanya kwa fedha zake mwenyewe, na karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Saa tatu zilizobaki alisema angetuambia akishazipata.